Njia Mbili za Mama Mkubwa

Sebuleni kwa baba yangu hakuna kochi. Kuna viti vitatu vya ndege vilivyoungana, kitambaa cha bluu kilichopauka, mikanda yake bado inafunga. Mzee alivichukua siku walipoikata vipande ndege kubwa ya mwisho ya shirika letu, ile ambayo wafanyakazi wote tuliiita Mama Mkubwa, akavikomelea kwenye ubao mzito ili visipinduke. Mgeni akija anakaa cha katikati na anaambiwa afunge mkanda. Akidhani ni utani, Mzee anamkazia macho mpaka afunge kweli. Mchumba wa kwanza wa mdogo wangu alikataa kufunga, hakurudi tena, na mimi nasema afadhali.

Kiti cha kushoto ni cha Mzee. Cha kulia kilikuwa cha mama. Enzi za uhai wake mgeni alipewa chai kutoka kushoto na mkate kutoka kulia, hajui ageukie wapi, na wale wawili wanaangaliana juu ya kichwa chake kama watoto wenye siri. Tangu mama afariki kiti kile hakikaliwi. Hakuna aliyetangaza. Kila anayeingia anakikwepa tu, hata fundi wa umeme aliyekuja kutengeneza feni alitafuta kigoda badala ya kukanyaga pale.

Wote wawili walikuwa wahudumu wa ndege. Mama Mkubwa ilikuwa na njia mbili za kupita, moja kushoto na moja kulia, na katikati yake viti vya watu ambao wangeweza kuhudumiwa kutoka upande wowote. Kila njia ilikuwa na mhudumu wake na kitoroli chake, wakianzia nyuma kwenda mbele. Kushoto alikuwa baba, na mpaka leo wastaafu wenzake wanamwita Kushoto. Kulia alikuwa mama. Sasa, mmoja akikimbia mbele ya mwenzake, watu wa katikati wanavurugika: huyu anaulizwa mara mbili kama anataka kuku au samaki, yule anarukwa kabisa, anabaki ameshika uma. Kwa hiyo wahudumu wa shirika letu walikuwa na utaratibu wao. Hutoki kwenye safu mpaka mwenzako amalize. Na huwezi kumpigia kelele, abiria wengine wamelala. Unainua kichwa, unamtazama ng'ambo ya pili, na akiwa amemaliza anapandisha nyusi. Maana yake: tayari, twende. Nawe unapandisha zako, vitoroli vinasogea safu moja kwa pamoja.

"Sikuwahi kumtongoza mama yenu kwa mdomo," Mzee hupenda kusema. "Nilimtongoza safu kwa safu."

Mama alikuwa akimjibu, "Na ulikuwa unachelewa kila safu. Mimi nikidhani ni uzembe!"

Nilisafiri nao mara kadhaa nikiwa mdogo, kwa tiketi za watoto wa wafanyakazi. Nilikaa viti vya katikati, miguu haifiki chini, kwenye harufu ya kahawa na blanketi zilizofuliwa. Nikitazama kushoto namwona baba na tai yake. Nikitazama kulia namwona mama na kitambaa chake shingoni. Kisha nyusi zinapanda huku, zinapanda kule, juu ya kichwa changu, na wazazi wangu wanasogea. Sijawahi tena kujisikia salama kama nilivyojisikia pale, na nimeolewa na mwanamume mzuri, naomba asinielewe vibaya.

Labda ndiyo sababu na mimi niliishia kwenye kazi hiyohiyo. Leo mimi ni mkuu wa huduma za ndani ya ndege. Viti, vyakula, blanketi, vyoo, wahudumu, malalamiko ya abiria, vyote viko kichwani kwangu. Mama Mkubwa ilipozeeka, shirika lilibaki na ndege za safari fupi, na safari za mbali tukawaachia wengine. Kisha mwaka jana wakubwa wakaamua turudi mbali, lakini kwa kampuni tanzu ya bei nafuu: tiketi rahisi, chakula cha kununua, mizigo michache. Ilipewa jina la kifahari ambalo hakuna anayelitumia. Sisi wafanyakazi tuliipachika jina la Mdogo Mtu, na hilo ndilo lililoshika.

Mdogo Mtu ilihitaji ndege, na kamati ya kuichagua iliundwa. Mimi nikiwemo.

Mzee aliposikia, alianza kunipigia simu asubuhi na jioni. "Mmechagua?"

"Bado, baba."

"Chagueni ya njia mbili."

"Kamati ndiyo itakayochagua."

"Na wewe kwenye kamati ni pambo? Waambie. Ndege ya safari ya mbali ina njia mbili. Ya njia moja ni basi."

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa upande wake. Mezani kulikuwa na ndege mbili. Ya kwanza ilikuwa pana, njia mbili, mjukuu halisi wa Mama Mkubwa, ya mtumba lakini imetunzwa. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba na ndefu, njia moja tu, inakunywa mafuta kidogo na inakwenda mbali kupita ndege yoyote ya umbo lile. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza nilisema, "Hii si ndege, hii ni penseli." Jina likaganda. Hata mkurugenzi alianza kusema Penseli kwenye vikao.

Aliyenigeuza kichwa alikuwa mpanga safari wetu, bwana mmoja mkimya tunayemwita Kikokotoo, kwa sababu hata ukimsalimia anafikiri kwanza kama salamu hiyo ina faida. Siku hiyo alisimama mbele ya ramani.

"Tukichukua ile pana," alisema, "tunakwenda miji miwili mikubwa tu. Kwingine hatutaijaza. Abiria wa miji mingine watashukia hapo, watabadilisha ndege, watangoja. Tukichukua Penseli tunaweza kwenda moja kwa moja mpaka miji ya kati."

Akaitaja mitatu. Wa pili ulikuwa mji anakoishi Kitinda.

Kitinda ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa nyumba yetu. Ni muuguzi huko mbali, kaolewa huko, na ana mtoto wa kike ambaye Mzee hajawahi kumshika. Wanaonana kwenye simu. Mtoto anabusu kioo cha simu na Mzee anafuta kioo chake, kana kwamba mate yamevuka. Si kwamba hakujaribu kwenda. Mwaka mmoja baada ya mama kufariki alifunga safari, ndege mbili na kungoja katikati. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege miguu yake ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Wakamlaza kwenye zahanati ya uwanjani, na akaponea hapo. Akarudi nyumbani bila kufika. Zawadi za mtoto alizirudisha zikiwa zimefungwa vilevile, akaziweka juu ya kabati, na mtoto ameshazidi vile viatu vidogo mara mbili. Daktari alimwambia waziwazi: "Mzee, safari ya moja kwa moja, ya kuinuka na kutembeatembea, naruhusu. Ya kubadilisha na kungoja, sahau." Na ndege ya moja kwa moja kwenda kwa Kitinda haikuwepo. Haikuwepo ya shirika lolote.

Nilisubiri Kikokotoo akae. Nikapiga moyo konde, nikasema, "Mkurugenzi, niseme mapema. Nina ndugu kwenye mji wa pili."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, mimi nina wake zangu wa zamani kwenye wa tatu. Kila mtu ana mtu mahali." Watu wakacheka. Kisha akaacha utani. "Injini tumeshaambiwa ni nzuri. Mafuta tumeshaambiwa. Kutoka kwako nataka neno moja. Binadamu anaweza kukaa humo kwa saa tisa akashuka bado ni binadamu? Ukisema hapana, Penseli imekufa, tunachukua ile pana. Ukisema ndiyo, tumemaliza."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nikiikataa Penseli, nyusi za mama yangu zinarudi angani, na baba yangu hamwoni mjukuu wake. Nikiikubali, anamwona, lakini kwa ndege ambayo yeye mwenyewe anaiita basi. Na juu ya yote hayo kulikuwa na abiria wengine, watu wasionijua, ambao magoti yao yalikuwa mikononi mwangu. Sikulala vizuri wiki ile. Nilimfokea mume wangu kwa sababu ya sabuni.

Nilimpigia Kitinda. Sikupaswa, lakini nilimpigia.

"Dada," alisema, "usinipe matumaini kama huna uhakika."

"Sina uhakika. Na usimwambie Mzee hata kidogo. Akijua, atasema anachodhani kitanifaa mimi, si anachokiamini."

"Simwambii."

"Apa."

"Dada, mimi si mtoto!"

Shirika letu lina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine, inaitwa Siku ya Kukalia. Kabla ya kununua ndege mpya, watengenezaji wanaleta chumba cha mfano, mbao na plastiki kwa nje lakini ndani viti halisi, na sisi tunakaa humo kwa muda uleule wa safari, bila kutoka. Si wataalamu peke yao. Wanaitwa wafanyakazi na wazazi wao, wastaafu, wanene, warefu, wajawazito wakikubali. Mkuu wa huduma wa kwanza kabisa ndiye aliyeianzisha, mwanamke mkali ambaye mama alikuwa akimwogopa, na hakuna mkurugenzi aliyewahi kuthubutu kuifuta. Nilipoandaa orodha ya wastaafu nilitaka kumruka Mzee. Katibu muhtasi wangu akanitazama jicho pembe. "Umruke Kushoto? Wastaafu wote watagoma." Nikamwandika.

Chumba cha mfano kiliwekwa kwenye banda la ndege ambamo Mama Mkubwa ilikuwa ikilala. Sakafuni bado kuna madoa meusi ya mafuta pale magurudumu yake yaliposimama. Mzee aliingia asubuhi akiwa amevaa tai ya shirika, ile ya zamani yenye mistari. Alisimama kwanza juu ya doa moja, akalisugua kidogo na soli ya kiatu, kisha akapanda ngazi.

Ndani, alianza. Na akianza, anaanza.

"Hapa ndipo abiria anapoweka magoti, au anayaacha nyumbani?"

"Baba, kaa."

"Nimekaa. Nauliza tu. Na mtu akitaka msalani wakati kitoroli kiko njiani, afanyeje? Aombe likizo?"

Wastaafu waliangua kicheko. Mama mmoja mnene aliyekuwa mhasibu wetu akasema, "Kushoto, acha kutupandisha presha, hata hatujaruka." Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma yao na karatasi zangu, nikijifanya nahesabu nafasi za miguu, lakini nilikuwa namtazama yeye tu. Kila baada ya muda aliinuka kama daktari alivyoagiza, anatembea mpaka nyuma, anarudi. Nilimpima kila hatua. Hakuvimba. Alikuwa anasema maneno ya kukataa, lakini mwili wake ulikuwa unakubali, na mimi sikujua niandike kipi.

Saa ya chakula ilipofika, wahudumu wa mafunzo walitoa kitoroli kutoka jikoni, huko mbele. Binti mmoja wao, mchangamfu, akasema kwa sauti, "Jamani, si tuna Mzee Kushoto humu? Baba, tuonyeshe mlivyokuwa mnafanya enzi zenu!"

Watu wakapiga makofi. Mzee akakataa mara moja, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Wakamsihi. Akanyoosha tai, akaenda mbele, akashika kitoroli.

Mgongo wake ulinyooka. Sijui niseme vipi. Baba yangu siku hizi anatembea kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, lakini alipokishika kile kitoroli alirudi kuwa yule niliyemwona nikiwa mdogo. "Karibu bibi. Kuku au samaki? Karibu sana." Akahudumia safu ya kwanza, kushoto na kulia, mkono hautetemeki. Akamaliza. Na hapo, badala ya kusukuma kitoroli, akainua kichwa, akageukia kulia, akapandisha nyusi.

Kulia kulikuwa na madirisha. Vioo vya plastiki vilivyowekewa taa kwa nyuma.

Akasimama akingoja. Nadhani ilikuwa muda mfupi, lakini wote tuliuona. Kisha akatikisa kichwa kidogo, akasogea safu ya pili, akahudumia, akamaliza. Akainua kichwa. Akageukia kulia. Akapandisha nyusi.

Wale wastaafu, ambao walikuwa wakicheka tangu asubuhi, wote waliacha kucheka. Waliufahamu ule mgeuko wa shingo. Yule mhasibu mnene aliinamia mkoba wake kama anayetafuta kitambaa. Binti wa mafunzo aliona sura zetu, hakuelewa, akabaki na tabasamu lililokosa pa kwenda.

Safu ya tatu akafanya tena. Safari hii alijua alichofanya. Mkono ulibaki juu ya kitoroli, macho kwenye yale madirisha ya uongo, na midomo yake ikawa inajaribu kusema kitu. Kwa miaka yote tangu mazishi nilikuwa namwambia kila mtu kwamba baba yangu ameshapoa, ameshazoea. Hakuwa amepoa hata kidogo.

Niliinuka. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu asisimame pale peke yake. Njia ilikuwa moja na kitoroli kilikuwa kimeijaza, kwa hiyo sikuweza kufika upande wake. Nilichoweza ni kukishika kwa upande wangu, ule unaotangulia. Nikakishika. Ndivyo wanavyofanya kwenye ndege za njia moja: kitoroli kimoja, wahudumu wawili, mmoja anasukuma na mwingine anavuta, nyuso zinatazamana.

Mzee akageuza macho kutoka madirishani, akanikuta mbele yake.

"Kumbe hapa," alisema taratibu, "mnashika kimoja."

"Ndiyo, baba. Wawili kwa kimoja."

Akakitazama kitoroli, mikono yake huku na mikono yangu kule. "Sisi miaka yote ile tuliangaliana juu ya vichwa vya watu. Vichwa vitatu katikati yetu. Safari nzima namtamani tu, mpaka tushuke ndipo nimshike mkono." Akavuta pumzi ndefu. "Kumbe wenzetu wanashika kimoja."

Tuliimaliza njia yote hivyo, mimi nikirudi kinyumenyume, yeye akinijia. Hakugeukia kulia tena. Tulipofika mwisho aliketi safu ya nyuma kabisa, akalegeza tai, na mimi nikakaa kando yake.

"Hii ndiyo inayokwenda kwa Kitinda," alisema.

Nilishtuka. "Nani kakwambia?"

"Yule mdogo wako hana kifua. Alinipigia simu siku ileile. Alianza na mambo ya hali ya hewa, nikajua kuna kitu."

"Basi ulijua tangu mwanzo! Na asubuhi yote hii unaiponda?"

"Nilikuja kuikataa." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Sikiliza, mwanangu. Mjukuu wangu namwona kwenye simu. Analia namwona, anacheka namwona. Mama yako simwoni popote. Mahali pekee ambapo bado ningeweza kumwona ni kwenye ndege ya njia mbili, nikiinua kichwa. Nikasema, waichukue ile pana, nipande hata mara moja, hata iende wapi, nigeuke kulia."

Nilijifuta machozi kwa kiganja.

"Lakini leo nimegeuka," alisema. "Mara tatu. Hayupo, mwanangu. Na hata huko kwenye njia mbili asingekuwepo. Angekuwepo binti mwingine wa watu, ananishangaa." Akajifuta uso kwa ncha ya ile tai, jambo ambalo mama angemchapa kwa ajili yake. "Usiandike kwa sababu yangu. Andika ulichokiona. Ila ukiniuliza mimi abiria, kiti kinakalika. Shida ni kusimama. Mtu akiinuka hana pa kusimama, anabaki anapumulia shingo za wenzake."

Hilo nilikuwa nimeliona pia, na wengine wote waliinuka na malalamiko hayohayo. Ndivyo nilivyoandika. Nilisema ndiyo, binadamu anaweza, kwa sharti moja: safu ya mwisho ing'olewe, pabaki wazi, watu wapate pa kusimama na kunyoosha miguu. Kikokotoo aliuma meno kwa sababu ya viti alivyokuwa anavipoteza, akaondoka na karatasi yake, na kesho yake akarudi mwenyewe kusema kwamba watu wakisimama huko nyuma watanunua chai, kwa hiyo inalipa. Penseli ikapita.

Safari ya kwanza kwenda kwenye ule mji wa pili ilikuwa ya asubuhi. Nilimpitia Mzee nyumbani. Zile zawadi za zamani zilikuwa zimeshuka kutoka juu ya kabati, viatu vidogo na vyote. Nilimwambia havitamtosha tena mtoto, akasema mwanasesere wake atavaa. Kabla hatujafunga mlango alirudi sebuleni mara moja. Nilichungulia. Alikuwa ameinama juu ya kiti cha kulia kilichokuwa kitupu, anafunga mkanda wake, na akauvuta kidogo kuhakikisha umekaza.

Kwenye ndege nilimpa kiti cha kando ya njia ili aweze kuinuka, nami nikakaa kulia kwake, dirishani kwangu mawingu. Hakuna aliyejua yeye ni nani, na nilipenda iwe hivyo. Alilalamikia mkanda, akalalamikia mwanga. Kitoroli kilipotoka alinyooka kitini kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Walikuwa wahudumu wawili, kijana na binti, kila mmoja ameshika ncha yake, wote wameinamia mashine za malipo, hawatazamani hata kidogo.

"Chai, baba? Tunauza."

"Chai ya kununua!" alisema Mzee. "Angani!" Lakini alinunua, akapokea kikombe, na kabla hawajasukuma akainua kidole. "Nyie wawili. Hamjambo?"

"Hatujambo, baba."

"Muwe mnaangaliana basi."

Walidhani ni mzee mcheshi. Wakatazamana ili kumridhisha, na binti akashindwa kujizuia, akacheka, na kijana akacheka, na macho yakakawia kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha wakainama tena kwenye mashine zao, na kitoroli kikapita.

Mzee akanywa chai yake mpaka mwisho. Akaweka kikombe. Huko mbele yetu, mbali bado, Kitinda alikuwa anamvalisha mtoto nguo ya kwenda uwanjani. Mzee akainua kichwa, na kwa mazoea yale yale ambayo hayatamtoka mpaka aingie kaburini, akageukia kulia.

Nilikuwa nimekaa hapo. Akanitazama, akapandisha nyusi.

Nikapandisha zangu.